Ufuta wetu, mbegu za kitani na afya ya matiti: mwongozo kamili, kuanzia kinuni hadi kwa daktari

Mwezi wa sita ukifika, Nachingwea yote hunukia ufuta. Miganda imesimamishwa kwenye vichanja, maturubai yametandikwa uani, kila mwenye mikono anakung'uta. Ufuta huingia kwenye viroba, viroba huenda ghala la chama cha msingi kusubiri mnada, na nyumbani hubaki kopo moja la kashata za watoto. Halafu mtu yule yule aliyepeleka kilo mia tatu ghalani anapanda gari kuja Lindi mjini, anaingia dukani na kununua kipakiti kidogo cha mbegu za kahawia zilizotoka ng'ambo, kwa sababu ameona kwenye simu kwamba zinalinda matiti.

Sina ugomvi na mbegu hizo. Ni chakula kizuri, na nitaeleza namna ya kuzitumia. Ninachotaka ujue ni kwamba viambato vinavyosifiwa humo vina ndugu zao ndani ya ufuta uliouuza, kwamba zote mbili zisiposagwa sehemu kubwa hupita tumboni bure, na kwamba hakuna mbegu, ya kwetu wala ya ng'ambo, inayoyeyusha uvimbe uliokwisha kuota kwenye titi. Hilo la mwisho familia yangu imelilipia.

Mama yangu mdogo aligusa kijivimbe akiwa anaoga, wakati wa mavuno. Hakikumuuma, basi akanyamaza. Guliolini mtu akamuuzia pakiti za unga wa mbegu, akamwambia anywe asubuhi na jioni, uvimbe utaisha wenyewe. Akanywa miezi mitano. Siku aliyokuja kwangu nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akafungua kanga bila neno jingine. Ngozi ya titi ilikuwa imebonyea vishimo vishimo kama ganda la chungwa. "Mwanangu," akasema, "mbona dawa nimeinywa yote?"

Swali lake ndilo lililonikalisha niandike haya.

Ujue kwanza unanunua nini

Kitani ni ule mmea ambao nyuzi zake hufumwa nguo za kitani. Mbegu zake ni bapa, laini, zinang'aa, za kahawia au rangi ya dhahabu, kubwa kidogo kuliko ufuta. Ukiziloweka hutoa ute kama wa bamia. Hulimwa nchi za baridi, hasa Kanada, Urusi na Kazakhstan, ndiyo maana hapa bei yake inapanda. Wauzaji wengine huandika "mbegu za katani" kwenye pakiti. Katani ni nyuzi za mkonge, ule wa mashamba ya Kikwetu hapa Lindi, na haina uhusiano wowote na chakula hiki. Ukikuta pakiti imeandikwa hivyo, ifungue uangalie mbegu zenyewe kabla hujalipa. Ikiwa ni unga tayari, iache. Huwezi kujua ulisagwa lini wala umechanganywa na nini.

Ufuta hauhitaji utambulisho kwa mtu wa kusini. Iwe ni Ziada 94, Lindi 2002, Mtwara 2009 au aina ya kienyeji uliyorithi kwa bibi, yote inafaa kuliwa. Isipokuwa mbegu ya kupandia iliyochanganywa na dawa ya wadudu: hiyo hailiwi hata ukiiosha mara kumi.

Kilichomo ndani

Viambato vinavyohusika vinaitwa lignani. Kitani huziweka zaidi kwenye ganda la mbegu. Ufuta huzibeba hadi ndani ya mafuta yake, na ile iliyo nyingi zaidi kwenye ufuta huitwa sesamini. Ukimeza lignani, bado hazijawa kitu. Zinafika utumbo mpana, na huko bakteria wanaoishi tumboni huzigeuza kuwa vitu viwili vipya, enterodioli na enterolaktoni, ambavyo ndivyo huingia kwenye damu. Wanasayansi walivigundua kwenye mkojo wa binadamu mwaka 1980.

Kinachowavutia watafiti ni umbo. Enterolaktoni inafanana kwa kiasi fulani na estrojeni, homoni ya kike inayoziamuru seli za titi zikue. Saratani nyingi za matiti hulishwa na homoni hiyo. Enterolaktoni inaweza kukaa mahali ambapo estrojeni ingekaa, lakini amri yake ni hafifu. Hapo ndipo lilipotoka wazo kwamba huenda inapunguza makali.

Kwa kuwa kazi yote inategemea bakteria wa tumboni, dawa za kuua bakteria huivuruga. Utafiti wa Finland uliona kwamba watu waliotumia antibayotiki walikuwa na enterolaktoni kidogo kwenye damu, na upungufu huo uliendelea kuonekana miezi mingi baadaye. Kwa hiyo yule anayenunua amoksilini dukani kila akipata mafua, halafu anakunywa unga wa kitani, anabomoa kwa mkono mmoja anachojenga kwa mwingine.

Tafiti zimeona nini hasa

Nitazitaja chache, maana hapa ndipo wauza pakiti wanapowapotosha watu.

Mwaka 2005 huko Toronto, Kanada, wanawake waliokwisha kukoma hedhi na waliogunduliwa karibuni kuwa na saratani ya titi walipewa keki ndogo kila siku wakati wakisubiri upasuaji. Wanawake 19 walipewa keki zenye gramu 25 za kitani, 13 wakapewa keki zisizo nacho. Baada ya kama mwezi mmoja, kipimo cha kasi ya seli za uvimbe kugawanyika kilikuwa kimeshuka kwa takribani asilimia 34 kwa waliokula kitani. Ni matokeo ya kutia moyo. Lakini hesabu watu: ni 32 tu. Na wote walikwenda kufanyiwa upasuaji. Hakuna aliyeambiwa abaki nyumbani ale keki.

Mwaka huo huo, Toronto hiyo hiyo, wanawake 16 wenye afya njema waliokoma hedhi walipewa kwa zamu gramu 25 za kitani, kisha gramu 25 za ufuta, kila kimoja kwa wiki nne, na mkojo wao ukapimwa. Ufuta ulitoa enterodioli na enterolaktoni kwa kiwango kinachokaribiana na cha kitani. Kwa mkulima wa Ruangwa au Liwale, huu ndio utafiti wa kuukumbuka. Vipimo vya awali vilikuwa vikihesabu aina nne tu za lignani bila sesamini, na kwa hesabu hiyo kitani ilionekana kuuzidi ufuta mara kumi.

Ila usiruke hatua. Kwamba ufuta unaleta enterolaktoni kimeonekana. Kwamba unapunguza kasi ya uvimbe kwenye titi la mtu, hilo halijaonyeshwa kama lilivyoanza kuonyeshwa kwa kitani. Kwa wanawake waliokoma hedhi, uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi na kutolewa mwaka 2010 ulikuta wanaokula lignani nyingi wana hatari ndogo zaidi ya saratani ya titi kwa kama asilimia 14. Watu wa namna hiyo mara nyingi pia hula mboga nyingi na kunywa pombe kidogo, kwa hiyo sifa yote haiwezi kupewa lignani peke yake.

Kwa maumivu ya matiti yanayokuja kila mwezi kabla ya hedhi, madaktari wa uzazi na wanawake wa Kanada, katika mwongozo wao wa mwaka 2006, waliiweka kitani miongoni mwa vitu vya kujaribiwa mwanzo. Kwa lile joto la ghafla la ukomo wa hedhi, haikusaidia: jaribio la Marekani lenye wanawake 188, lililotolewa mwaka 2012, lilikuta waliokula kitani hawakuwapita wasioila.

Kusafisha na kukaanga

Ufuta wetu mwingi hukung'utwa karibu na ardhi, na mchanga ndio adui. Upepete kwanza kwenye ungo. Kisha umimine kwenye beseni la maji, koroga kwa mkono, na mbegu zikiwa bado zinazunguka juu, ziengue kwa chujio la chai. Mchanga utakuwa umezama. Usimwage beseni ukitumaini mchanga utabaki, maana utafuata. Rudia mpaka ukipitisha kidole chini ya beseni usihisi changarawe. Tandaza kwenye kitambaa safi juani hadi zikauke kabisa, kwani ufuta uliobaki na unyevu huota ukungu, na ulioota ukungu unatupwa. Kitani haioshwi, itakuwa ute mtupu. Ichambue tu kwa macho kwenye sinia.

Weka kikaango kikavu kwenye moto mdogo wa mkaa. Mimina ufuta usizidi unene wa kidole, koroga kwa mwiko bila kupumzika. Dakika tatu hadi tano zinatosha. Utasikia mbegu zinaanza kuruka na kupasuka, na harufu itamfikia aliye uani. Hapo epua mara moja na umimine kwenye sinia, kwa sababu kikaango chenye moto kitaendelea kuziunguza hata kikiwa chini. Zikiwa nyeusi ni chungu, anza upya.

Kitani nayo ikaange dakika mbili au tatu. Ikiwa mbichi ina viambato vinavyoweza kutoa sayanidi, kama muhogo mchungu tunaoujua. Kwa kijiko kimoja au viwili mwili unamudu, na moto huvipunguza, lakini usiile mbichi kwa vikombe. Lignani haziogopi moto wa kawaida wa jikoni. Zile keki za Toronto zilikuwa zimeokwa.

Kusaga: hapa ndipo penye kazi yote

Watafiti wa Uholanzi waliwapa watu kitani ileile kwa namna tatu: nzima, iliyopondwa na iliyosagwa. Wakilinganisha na iliyosagwa, mbegu nzima iliwapa asilimia 28 tu ya enterodioli na enterolaktoni, na iliyopondwa asilimia 43. Yaani anayemeza kitani nzima na maji anatupa chooni karibu robo tatu ya alichonunua. Mbegu ya ufuta nayo ni ndogo na huponyoka meno kwa urahisi, kwa hiyo usitegemee kutafuna. Saga.

Kinu kinafaa sana kwa ufuta. Weka kiasi kidogo, viganja viwili hivi, tia chembe za chumvi ili mbegu zisiteleze, twanga kwa mapigo mafupi. Simama unapoona unga mzito unaoshikana. Ukizidisha mafuta yatatoka na utapata rojo. Rojo nalo linafaa kwenye mchuzi, ila halikai muda mrefu. Kwa kitani, kinu huteleza; tumia kile kikopo kidogo cha blenda cha kusagia viungo, uwashe na kuzima, uwashe na kuzima, ili isipate moto. Mashine ya kusaga mahindi sikushauri: mafuta ya ufuta huiziba, na utarudi nyumbani na mabaki ya unga wa watu.

Jaribio lake ni rahisi. Chukua unga kidogo, usugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukihisi mbegu nzima zinabiringika, rudisha kinuni.

Saga ya wiki moja tu. Joto la pwani huku haliwahurumii wenye kuweka akiba. Tia kwenye chupa ya glasi yenye kifuniko, mbali na jiko na dirisha, na kama una friji iweke humo. Kitani iliyoharibika hunuka rangi ya mafuta, na si ajabu, kwa sababu mafuta yake ndiyo yaliyotumika tangu zamani kutengenezea rangi ya mbao. Ukiisikia harufu hiyo, mwaga. Mbegu nzima zilizokauka hukaa miezi, basi hifadhi nzima, saga kidogo.

Kuhusu mafuta: mafuta ya kitani hayana lignani za maana, maana zilibaki kwenye makapi, na hayafai kukaangia. Mafuta ya ufuta yanazo kiasi. Lakini mbegu iliyosagwa inayazidi yote mawili, kwa kuwa ina na nyuzinyuzi.

Kiasi, na namna ya kula

Anza na kijiko kimoja cha chai kwa siku, wiki nzima. Tumbo lisilozoea nyuzinyuzi litajaa gesi ukianza kwa pupa. Ongeza taratibu hadi vijiko viwili vya chakula. Gramu 25 za watafiti ni kama vijiko vitatu na nusu vya chakula vya kitani iliyosagwa, au karibu vitatu vya ufuta. Si lazima ufike huko. Kunywa maji ya kutosha, kwani kitani hufyonza maji na bila hayo badala ya kulainisha choo itakifunga.

Na usiongeze juu ya chakula chako, badilisha. Nusu ya ufuta ni mafuta, na gramu 25 zina kama kalori 140. Unene baada ya kukoma hedhi wenyewe huongeza hatari ya saratani ya titi. Kwa hiyo ukitia ufuta kwenye mboga, mafuta ya kupikia yapungue.

Mimi hupenda kwenye kisamvu. Kitwange, kichemshe kwa maji mengi kama saa nzima hadi ile harufu mbichi iishe, tia kitunguu, nyanya na chumvi. Maji yakikaribia kukauka, koroga vijiko vinne vya ufuta uliosagwa kwenye nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, mimina, punguza moto, acha kichemke polepole dakika kumi. Kinakuwa kizito, rangi inapoa kidogo, na ladha yake inakaa katikati ya karanga na tui. Hutii mafuta. Chungu hicho kinawatosha watu wanne na ugali wao wa muhogo.

Siku nyingine changanya ufuta uliosagwa na chumvi na pilipili kavu, chovyea ming'oko ya kuchemsha au muhogo. Kitani huenda vizuri na uji wa mtama: epua uji, uache upoe kidogo, ndipo ukoroge kijiko chako na uunywe papo hapo kabla haujawa ute. Kashata ni tamu, lakini sukari yake ni nyingi mno kuwa ya kila siku.

Wa kujihadhari

Mwenye mzio wa ufuta asijaribu kabisa. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuyeyusha damu, na anayetumia dawa za kisukari, amwambie daktari wake kwanza. Dawa yoyote ya kumeza iachanishwe na kitani kwa saa moja au mbili, kwa kuwa ute wake huweza kuizuia isifyonzwe. Aliyewahi kuziba utumbo aiache. Mjamzito ale ufuta wa kawaida wa kwenye mboga, asinywe vijiko vya kitani kama dawa. Na aliye kwenye matibabu ya saratani ya titi asianze kimyakimya, nitarudi hapo.

Siku moja ya kusaga kila mwezi iwe siku ya kukagua titi

Haya ndiyo nisiyotaka uyaruke. Kwa anayepata hedhi, wakati mzuri ni siku ya saba hadi ya kumi tangu hedhi ianze, matiti yakiwa hayajajaa. Aliyekoma hedhi achague tarehe moja ya mwezi. Mimi nimeifunga na kinu: ninaandika tarehe kwenye kifuniko cha chupa ya ufuta.

Simama mbele ya kioo, mikono chini, kisha juu ya kichwa, kisha kiunoni ukikaza kifua. Tazama kama titi moja limebadilika umbo, ngozi imebonyea, chuchu imeingia ndani ghafla au ina kidonda au upele usiopona. Halafu lala chali, kunja kanga uiweke chini ya bega la kulia, mkono wa kulia uwe chini ya kichwa. Kwa nyama za vidole vitatu vya kati vya mkono wa kushoto, si kwa ncha, bonyeza kwa miduara midogo: kwanza kidogo, kisha kiasi, kisha kwa nguvu hadi uhisi mbavu. Panda na kushuka kama unayepalilia matuta, kutoka mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo, hadi chini ya titi, na usisahau kwapa. Hamia upande wa pili. Ukiwa na sabuni mwilini vidole huteleza vizuri zaidi.

Usitafute kitu cha kuogopa. Jifunze titi lako lilivyo, ili siku likibadilika ujue. Vivimbe vingi si saratani. Lakini kilicho saratani mara nyingi hakiumi, na hapo ndipo mama mdogo alipodanganyika. Kujikagua pia hakuchukui nafasi ya kupimwa na mtaalamu. Ukienda kliniki kwa jambo lolote, omba uangaliwe matiti. Na wanaume nao huugua, ingawa ni wachache.

Uvimbe usioondoka baada ya hedhi moja kupita, nenda. Aliyekoma hedhi asisubiri hata wiki. Damu kutoka kwenye chuchu, ngozi ya chungwa au tezi kwapani, nenda siku hiyo. Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ukapewe rufaa: kwa Lindi ni Hospitali ya Sokoine, kwa Mtwara ni Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, walio njia ya Masasi wana Ndanda, na walio njia ya Mtama wana Nyangao. Tiba ya mionzi mara nyingi itakupeleka Ocean Road, Dar es Salaam. Ukiambiwa "subiri tuone," uliza tarehe ya kurudi na uliza kama unahitaji ultrasaundi au kuchukuliwa kinyama cha kupimwa. Jibu la kinyama ndilo linalomaliza ubishi.

Mama mdogo alifanyiwa upasuaji, akapata dawa za mishipani, na sasa anameza kila siku tamoksifeni, kidonge cha kuizuia estrojeni isizilishe seli za titi. Aliporudi Nachingwea alikuta ufuta umeiva, akatamani kisamvu chake. Nilimwambia tuulize kwanza. Siku ya kliniki alitoa kwenye kanga chupa yenye ufuta uliosagwa, akaiweka mezani, akamwambia daktari: "Hiki ndicho ninachokula, na hiki ndicho kijiko." Daktari akakishika kijiko, akauliza ni mara ngapi kwa siku, akaandika kwenye faili.